Mtihani ulipovuka swali la 85, nilijua nimefeli

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nilisomea Mbeya na kufanya kazi wodini miaka sita kabla ya kuhamia Minnesota, Marekani. Sasa hivi ni CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kwenye kituo cha wazee, zamu ya usiku, huku nikitafuta leseni ya RN, muuguzi kamili aliyesajiliwa. Mwezi uliopita nilifanya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa huku. Kwenye kundi letu la WhatsApp walisema anayefaulu, kompyuta inamkatia mtihani kwenye swali la 85. Lilipokuja la 86 moyo ulinipasuka, mikono ikaanza kutetemeka, nikawa nabofya tu ili niondoke mle ndani. Kompyuta ilizima kwenye swali la 131. Nimefeli. Ripoti inasema niko karibu na kiwango sehemu nyingi, ila niko chini kwenye usimamizi wa huduma na kwenye saikolojia na ustawi wa jamii. Narudia baada ya wiki sita. Kila nikitoka zamu nafanya maswali 200, lakini hayaingii. Usingizi hauji, na nikisinzia naota kompyuta. Rafiki yangu amenipa vidonge vya propranolol, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, nimeze siku ya mtihani. Mama anapiga simu kila Jumapili kuuliza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama mtu aliyewahi kukaa kwenye kile kiti. Mara mbili zilizofuata niliisoma kama mkufunzi, na hapo nikaona jambo ambalo wewe mwenyewe umelipita. Uuguzi unaujua. Ulikuwa bado unapimwa, ukashuka kwenye mizani kabla mpimaji hajamaliza.

Tuanze na hilo swali la 86, maana ndilo lililokuangusha.

Mitihani tuliyokulia nayo ni ya karatasi moja kwa darasa zima. Mnajibu maswali yale yale, mwalimu anajumlisha, ukipita alama fulani umefaulu. NCLEX nayo ilikuwa hivyo zamani: karatasi na penseli, siku mbili, mara mbili kwa mwaka. Mwaka 1994 ikahamia kwenye kompyuta, na namna ya kupima ikabadilika kabisa. Kila mtahiniwa sasa ana mtihani wake. Ukijibu sawa, kompyuta inakuletea swali gumu zaidi. Ukikosa, inakuletea jepesi kidogo. Inakutafuta mpaka ifike mahali ambapo uwezekano wako wa kupata na wa kukosa unalingana. Kwa hiyo karibu kila mtu anayeingia mle ndani, awe hodari wa darasa au awe wa kusukumwa, anakosa karibu nusu ya maswali. Ile hali ya kuona kila swali ni kizungumkuti, kwamba hakuna hata moja uliloshika barabara, haisemi lolote kuhusu matokeo yako. Ndivyo mtihani ulivyotengenezwa.

Unaikumbuka mizani ya mawe dukani? Muuzaji anaweka jiwe la kilo, upande mmoja unainama. Analiondoa, anaweka la nusu, unainama upande wa pili. Anaongeza la robo. Mzigo ukiwa mzito sana au mwepesi sana kuliko jiwe, jibu linaonekana mara moja. Mizani inachelewa kutulia pale tu mzigo na jiwe vinapokaribiana.

Kompyuta ya NCLEX inafanya kazi hiyo hiyo. Tangu Aprili 2023, kiwango cha chini ni maswali 85 na cha juu ni 150. Kati ya yale 85, kuna 15 ambayo hayahesabiwi, ni ya majaribio kwa mitihani ijayo, na huwezi kuyatambua. Ukishafika 85, kompyuta inajiuliza: je, nina uhakika wa asilimia 95 kwamba huyu yuko juu ya mstari wa kufaulu, au kwamba yuko chini? Ikiwa na uhakika, inazima. Inaweza kuzima kwa sababu umefaulu, inaweza kuzima kwa sababu umefeli. Wapo wengi waliokatiwa kwenye 85 wakaenda nyumbani wakishangilia, na barua ikawaambia vingine. Ikiwa haina uhakika, inaendelea kuuliza. Ukifika 150, inaangalia umesimama wapi wakati huo, na ukiwa juu ya mstari, hata kwa unywele, umefaulu sawasawa na yule wa 85. Leseni haiandikwi idadi ya maswali.

Sasa rudi kwenye kile kiti. Lilipokuja la 86, kompyuta ilikuwa inakuambia: sijakuona kuwa umefeli, nipe muda. Ulikuwa umegusa mstari wenyewe. Kisha ukaanza kubofya bila kusoma, na kila jibu la kubahatisha likakuvuta chini, mpaka kwenye 131 mashine ikapata uhakika wake. Maswali 46 ya kuokota, mdogo wangu, yanamshusha hata muuguzi mkuu wa zamu.

Mimi nilifanya mtihani huu wakati kikomo kilikuwa bado ni maswali 265. Nilipovuka mia mbili nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Kilichoniokoa ni maneno ya mwalimu wangu, ambayo nami nakupa: ukiendelea kuulizwa, bado uko ndani. Andika sentensi hiyo kwenye kadi, uisome kila unapoanza mazoezi, ili ikifika 86 tena iwe imekwisha kuingia mwilini.

Na hilo kundi la WhatsApp, toka. Najua kuna watu wema mle na kuna noti nzuri. Lakini kundi linalotangaza idadi za maswali limekwisha kukugharimu dola 200 za usajili na mwezi na nusu wa kusubiri. Baki na mtu mmoja au wawili wa kusoma nao.

Tuje kwenye ripoti, kwa sababu hapa ndipo kuna kazi. Wengi wakishafeli huitupa, hawataki kuiona. Wewe umeisoma, vizuri sana. Sehemu za dawa, magonjwa na kupunguza hatari kwa mgonjwa uko karibu na kiwango. Hiyo ni miaka sita ya Mbeya inayoongea. Uko chini kwenye mbili, na mimi sishangai kabisa, kwani kwa wauguzi wetu waliosomea nyumbani na sasa wanafanya kazi ya CNA, naziona hizo hizo mbili kila mwaka. Sababu zake zinajulikana.

Usimamizi wa huduma ndio sehemu kubwa kuliko zote, asilimia 15 hadi 21 ya mtihani. Humo mna kumpa nani kazi gani, kumwona nani kwanza, haki za mgonjwa, kupokezana zamu. Sasa chukua swali hili nililolitunga. Wewe ni RN, una CNA mmoja. Kazi ipi utampa? Kumlisha mgonjwa wa kiharusi chakula chake cha kwanza tangu alazwe. Kumpima presha mgonjwa aliyeanza kuongezewa damu dakika tano zilizopita. Kumsindikiza msalani mama aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga juzi na anatembea vizuri na kigari. Au kumkumbusha mgonjwa mpya wa kisukari namna ya kujidunga insulini?

Najua mkono wako unakwenda wapi. Unakwenda kwenye kulisha, kwa sababu unalisha wazee kila siku na unajua kufanya hivyo kwa upendo na uangalifu. Lakini huyu wa kiharusi hajapimwa kama anaweza kumeza. Kijiko cha kwanza kinaweza kuingia mapafuni. Yule wa damu yuko ndani ya dakika 15 za mwanzo, wakati ambapo athari mbaya hujitokeza, na RN mwenyewe anatakiwa awe pale. Wa insulini anafundishwa, na kufundisha hakupewi CNA hata ukikuita kukumbusha. Anabaki mama wa nyonga. Kanuni ni hii: kupima hali kwa mara ya kwanza, kufundisha, kuamua na kutathmini matokeo vinabaki kwa RN. Mgonjwa aliyetulia na kazi isiyobadilika vinaweza kushuka chini.

Tatizo lako ni kwamba mwaka mzima unaangalia wodi ukiwa upande wa anayepewa kazi. Ukiona swali, unaliingia ukiwa CNA. Unauliza, naweza kufanya hili? Mtihani unakuuliza, ni nani anayepaswa kulifanya? Zamu hii ijayo jaribu zoezi hili. Kila unapotumwa kitu, jiulize kimoyomoyo kwa nini RN amekutuma wewe, na ni kitu gani hakukutuma. Hilo ni somo, na unalipwa ukilisoma.

Kuna na jambo la pili, la nyumbani. Wodini Mbeya ulizoea muuguzi mmoja na wagonjwa wengi, vifaa pungufu, ndugu wakisaidia kulisha na kuogesha. Ulijifunza kufanya kinachowezekana, na hiyo ni akili kubwa. Hospitali ya NCLEX ina kila kitu. Oksijeni ipo, dawa ipo, watu wapo. Ukianza kuwaza kwamba hicho hakitapatikana, umeshaliacha jibu sahihi. Na usikimbilie kumwita daktari: ukiwa bado hujampima mgonjwa, mara nyingi kupima kunatangulia, na hatari ikiwa imeshaonekana, fanya kwanza unachoweza kufanya kwa mikono yako, kisha piga simu.

Sehemu ya saikolojia ni ndogo, asilimia 6 hadi 12, lakini inawaumiza watu wetu kwa sababu wanakosa pale walipodhani wanajua kabisa. Mama mwenye saratani ya matiti anakwambia, "Naogopa sitawaona wanangu wakikua." Wewe umelelewa kwa Kiswahili. Unamwambia pole mama, usiogope, Mungu yupo, matibabu ya siku hizi ni mazuri. Kwetu huo ndio utu, na nisingependa uuache maishani. Kwenye mtihani ni jibu lenye kosa, kwa sababu unampa uhakika usio nao na unamfunga mdomo kabla hajasema kinachomkaba. Jibu wanalolitaka ni lile linalomfungulia mlango: "Unawawazia wanao. Hebu niambie zaidi." Vivyo hivyo mtoto wa mgonjwa akikuomba mama asiambiwe ugonjwa wake. Nyumbani tungekaa na ukoo kwanza. Kwenye NCLEX habari za mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Usibishane na mtihani kuhusu nani ana utu zaidi. Jifunze desturi yake kama ulivyojifunza kuendesha gari upande wa kulia.

Sasa hayo maswali 200 kwa siku. Yaache, tafadhali. Unatoka zamu saa moja asubuhi, umesimama usiku kucha, umegeuza wazee na kubadilisha mashuka, kisha unakaa mezani kujibu maswali mia mbili. Ubongo uliochoka hauhifadhi. Yanayoingia asubuhi hiyo yanahitaji usingizi ili yakae, na usingizi wenyewe umeunyima. Hayaingii kwa sababu mlango umefungwa, wala si kwamba kichwa chako kimezeeka.

Ukitoka zamu, kula kidogo, funga mapazia, simu iache chumba kingine, lala. Soma mchana ukishaamka, saa moja na nusu, halafu jioni dakika 45 kabla ya kwenda kazini. Maswali 40 au 50 yanatosha, lakini kila moja ulichimbe, hata ulilopata, usome kwa nini yale mengine ni makosa. Kuna utafiti wa mwaka 2006 wa Roediger na Karpicke: wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima wenyewe ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo funga daftari, ueleze kwa mdomo. Mweleze mumeo, mweleze mtoto, uelezee ukuta. Tena eleza kwa Kiswahili kwanza. Kama huwezi kueleza kwa Kiswahili kwa nini mgonjwa aliyeondolewa tezi ya shingo akihisi ganzi midomoni unamkimbilia kabla ya wote, basi Kiingereza ulichokariri hakitakusaidia. Kalsiamu imeshuka, koo linaweza kukaza, pumzi ikakatika. Ukishalielewa hivyo, lugha ya swali haikutishi.

Nunua daftari la makosa. Kila swali ulilokosa liandikie sababu, na sababu ziwe tatu tu. Ya kwanza: sikujua. Ya pili: nilijua, nilisoma vibaya. Ya tatu: nilijibu kama nyumbani, au kama CNA. Baada ya wiki mbili hesabu. Nina imani kubwa kwamba ya kwanza itakuwa na mistari michache kuliko unavyodhani. Ile ya pili ina mtego wake maalumu kwa sisi tunaotafsiri kichwani: swali linapouliza kauli ipi inaonyesha mgonjwa anahitaji kuelekezwa zaidi, linatafuta kauli yenye kosa. Mgonjwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, akisema nitapunguza kubadili-badili mboga za majani, yuko sawa. Akisema kuanzia leo nitakula mchicha kila mlo kuliko kawaida yangu, huyo ndiye jibu, kwani vitamini K ya mchicha inaipinga dawa. Umezoea kutafuta lililo sahihi, jicho linamruka. Kwenye ubao wako wa kuandikia pale kituoni, chora alama ya kosa kabla ya kusoma machaguo.

Wiki mbili za mwisho omba kazini wakutoe usiku, au omba likizo hata bila malipo kama mnaweza kuhimili. Mwili wa zamu ya usiku ukipelekwa kwenye mtihani asubuhi unakuwa kama umeamshwa katikati ya usingizi. Kama haiwezekani, tafuta nafasi ya mchana. Na kama wiki ya tano bado hulali, unaruhusiwa kusogeza tarehe, mradi uifanye angalau saa 24 kamili kabla na kibali chako cha kufanya mtihani kiwe hakijaisha muda. Kusogeza si aibu.

Propranolol. Hapana, si kwa njia hiyo. Wewe ni muuguzi, mweleze mgonjwa wako mwenyewe: dawa ya mtu mwingine, dozi ambayo hujawahi kuijaribu, siku muhimu kuliko zote. Inashusha mapigo ya moyo na presha, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua. Ukiona unaihitaji, nenda kwa daktari, akuangalie, na kama atakuandikia uijaribu nyumbani kwanza. Mweleze na huo usingizi pia. Kutolala, kuota kompyuta, mikono kutetemeka wiki baada ya wiki ni jambo la kutibiwa. Na ikitokea mawazo ya kujidhuru, au ya kwamba afadhali usiwepo, usisubiri miadi: piga 988, namba ya msaada kwa mawazo kama hayo, saa hiyo hiyo, mchana au usiku.

Yapo ya kufanya bila dawa. Mwaka 2011 Ramirez na Beilock walichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya jambo dogo: wanafunzi wenye hofu walioandika hofu zao kwa dakika kumi kabla tu ya mtihani walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao wenye hofu ambao hawakuandika. Ukiwa kwenye gari nje ya kituo, toa karatasi, andika yote. Naogopa kufeli tena. Naogopa macho ya watu kanisani. Iache karatasi garini, uingie.

Ndani, watakupiga picha ya mishipa ya kiganja, utaweka saa na simu kwenye kabati, utapewa ubao na kalamu. Una saa tano, yaani dakika mbili kwa swali hata ukifika 150, basi hakuna anayekukimbiza. Baada ya saa mbili utapewa nafasi ya kupumzika. Ichukue, ingawa saa inaendelea kuhesabu. Nawa uso, kunywa maji, kula ndizi. Na mikono ikianza kutetemeka katikati ya swali, iondoe kwenye kipanya. Weka miguu yote miwili sakafuni, vuta pumzi kwa kuhesabu nne, itoe taratibu kwa kuhesabu sita, mara tano. Haichukui hata dakika moja. Lifanyie mazoezi zoezi hili kuanzia leo, kila unapofungua maswali, ili siku hiyo mwili uwe umeshaijua njia.

Mwisho, mama. Tarehe mwambie mumeo na yule mwenzako wa kusoma, basi. Mama mwambie ukweli mwingine: kwamba unarudia, kwamba unasoma, na kwamba utampigia wewe ukiwa na habari, asikuulize Jumapili. Mama zetu wakiombwa kwa heshima wanaelewa, na atakuombea hata bila kujua siku. Mtihani uweke Jumanne ukipata nafasi. Kama bodi ya jimbo lako inashiriki, matokeo ya haraka yasiyo rasmi yanapatikana baada ya siku mbili za kazi kwa dola 7.95, kwa hiyo Alhamisi utakuwa umeyaona, na utakuwa na Ijumaa na Jumamosi za kukaa nayo mwenyewe kabla hujashika simu kumpigia.